Magoli ya Ukungu

Kwa misimu sita Sekela Mwambungu alilala usingizi mzito wa mtu aliyetenda haki, na pale Isyonje, yalipo makao ya ligi, si wengi walioweza kujisifia hilo. Kwa hiyo asubuhi ile, akiwa anafunga hesabu za msimu wa saba, alipoona ishirini na mbili mahali palipotakiwa kuwa na saba, au tuseme nane, aliisonya mashine.

"Acha utani wewe," aliiambia, akaifuta skrini kwa mkono wa sweta lake. Ishirini na mbili ikabaki palepale.

Hesabu hiyo ilimhusu Ambonisye Kasyupa, mlinzi wa timu ya Matamba, jezi namba kumi na saba. Msimu huu Matamba walicheza mechi saba nyumbani, na katika vipindi vya tatu vya mechi hizo walifungwa jumla ya magoli ishirini na matatu. Fomu za mechi zilisema kwamba magoli ishirini na mawili kati ya hayo yaliingia kumi na saba akiwa kwenye barafu.

Sasa, magongo ya barafu si kandanda, ambapo mtu anaingia uwanjani na kutulia humo mpaka filimbi ya mwisho. Kwenye barafu unakimbia dakika moja kama mtu anayefukuzwa na nyuki, mapafu yanawaka moto, unaruka ukuta kurudi benchi na mwenzako anaingia. Watano wanaingia, watano wanatoka, hivyo hivyo mchezo mzima. Hata aliye bora kuliko wote hachezi zaidi ya theluthi moja ya dakika zote za mchezo. Katika magoli ishirini na matatu, mtu wa namna hiyo atakuwepo kwenye saba au manane, na mwenye mkosi labda kumi na mawili. Sekela akapiga hesabu ya ishirini na mawili. Jibu lilisema mkosi wa aina hiyo unamkuta mtu mmoja katika bilioni mbili.

Akaangalia mechi za ugenini. Mchezaji yuleyule, kipindi kilekile cha tatu, magoli kumi na tisa ya kufungwa, na yeye alikuwepo kwenye sita tu, kama binadamu yeyote.

"Mtu gani huyu anaoza akiwa nyumbani tu?" alijiuliza kwa sauti.

"Nani anaoza?" Gwakisa Mwaipaja, katibu wa ligi, alikuwa ameingia bila kubisha hodi kama kawaida yake, kikombe cha chai mkononi.

"Kumi na saba wa Matamba. Ndiye wa mwisho kwao. Hasi thelathini na moja."

"Basi ndiye anayeteremka. Tatizo liko wapi?"

"Sijui bado, kaka. Niruhusu niende Matamba nikaone."

Gwakisa akapuliza chai yake. "Nenda. Lakini kesho kutwa saa sita mchana orodha iwe Bodini, na saini yako chini yake. Ukichelewa, mimi na wewe tutatafutana."

Anateremka. Neno hilo pale ofisini lilitamkwa kirahisi, kama kusema fulani ameenda sokoni. Bondeni, kutoka Kyela kwenda mbele, joto lilikuwa limefika nyuzi arobaini na sita na lilikuwa halina habari ya kurudi. Huku juu, kwenye safu za Kitulo na Mporoto, Bodi ya Baridi ilikuwa imejenga maghala ya kuhifadhi mbegu na chanjo, na baridi iliyobaki humo, ikipitishwa kwa mabomba, ndiyo iliyogandisha sakafu za kumbi nane za mchezo. Mtu haishi juu kwa kupenda. Anaishi kwa kibali, yeye na watu wa nyumba yake. Na kila msimu ukiisha, kila timu katika ligi ile ya Daraja la Pili ilimteremsha mchezaji mmoja na familia yake, ili nafasi ipewe mtu wa bondeni aliyekuwa kwenye foleni.

Zamani wa kuteremka alichaguliwa na wakubwa, kwa hiyo aliteremka yule asiye na mjomba. Mama yake Sekela alisubiri kibali bondeni miaka tisa. Wiki aliyokufa kwa joto, kibali chake kilipewa shemeji wa mtu. Sekela hakusahau, na wala hakutaka kusahau. Alisoma hesabu kwa hasira, akaunda Mizani, na watu wa bondeni ambao walikuwa hawaamini tena kitu chochote wakaiamini, maana mashine haina shemeji. Timu yako ikifunga goli ukiwa kwenye barafu, unapata moja. Ikifungwa, unapoteza moja. Halafu mashine inaondoa kile kilichotokana na uzuri wa wenzako na ukali wa wapinzani. "Kinachobaki ni wewe," Sekela alikuwa akisema kwenye semina, na watu walimpigia makofi.

Daraja la Kwanza walikuwa na kamera darini na vidude vya kuhesabia ndani ya viatu. Daraja la Pili walikuwa na wazee wenye penseli. Kila ukumbi ulikuwa na karani wake, ambaye goli likiingia aliandika dakika, na namba za watano wa kila upande waliokuwa kwenye barafu. Fomu zikapandishwa Isyonje. Kila kitu ambacho Mizani ilikijua kuhusu binadamu kilipitia kwenye penseli hizo, na katika misimu yote hiyo Sekela hakuwahi kwenda kuangalia hata moja ikiandika.

*

Ukumbi wa Matamba ni banda refu la mabati lililobanwa ubavuni mwa mlima, na nyuma yake ghala la mbegu linanguruma mchana kutwa. Sekela alifika saa nane. Wachezaji walikuwa wamejigawa timu mbili, wanacheza mechi ya kujipongeza kwa kumaliza msimu, na karani alikuwa mezani kwake anaandika vilevile, utadhani ni fainali. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la suti na kofia ya sufu, Mwalimu Anyelwisye Kyando, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitano kabla ya kustaafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka Bodini?"

"Hapana. Mimi ni Sekela, wa Isyonje. Ndiye ninayepokea fomu zako."

Mzee akasimama hima, akavua kofia, akakipangusa kiti kwa kofia hiyohiyo. "Kumbe ndiye wewe! Kaa, kaa hapa. Haya niambie ukweli, naandika vizuri?"

"Hakuna karani anayeandika vizuri kama wewe." Hakuwa anamfurahisha tu. Fomu za Matamba hazikuwa na doa wala mkwaruzo, namba zake zimesimama wima kama watoto kwenye mstari wa asubuhi.

Walitazama mchezo. Mwalimu akamwonyesha kumi na saba kwa penseli: mtu mpana, si mwepesi, ambaye kila kisahani cha kuchezea kilipoelekea kwa kipa wao, yeye alikuwa amekwisha kulala mbele yake. Kilimgonga mbavuni mara mbili. Aliamka, akajikung'uta barafu, akaendelea.

Saa tisa ilipofika, mngurumo uliokuwa chini ya sakafu ukakatika.

"Bomba hilo," Mwalimu alieleza. "Jua likikaza hivi, ghala linachukua baridi yote, sisi tunaachwa. Wameanza mwaka huu. Ndiyo maana kipindi cha tatu tunakicheza kwa dua."

Ndani ya ukumbi jasho likaanza kuwatoka watu, na bila kuambiana wakafungua milango mikubwa ya pande zote mbili. Hewa ya mlimani ikaingia na unyevu wake, ikakutana na barafu, na ukungu ukainuka. Kwanza ulimeza viatu, kisha viuno. Baada ya dakika kumi Sekela alikuwa anatazama uji mtupu. Alisikia magongo yakigongana, watu wakiitana, kisha king'ora cha goli.

"Mwalimu, mimi sioni kitu."

"Hakuna anayeona," mzee alijibu kwa uchangamfu.

"Sasa namba unaziandikaje?"

Hapo Mwalimu Anyelwisye alimsogelea, kama fundi anayeulizwa siri ya kazi yake na mtu anayestahili kuambiwa. "Kuna ufundi wake. Sisi tukifunga sina shida, maana wenyewe wanakuja hapa mezani wanasukumana: Mwalimu, niandike, na mimi nilikuwemo! Tukifungwa, nani aje? Hapo naanza na kumi na saba. Yule hakosekani. Wenzake wakichoka anaingia, akiumia anaingia. Nikisema yupo, yupo. Wale wanne waliobaki nawazungusha kwa zamu, leo huyu, kesho yule, nisije nikamwonea mtu."

Sekela akaiangalia ile penseli. "Na mkifunga, kumi na saba huwa anakuja mezani?"

"Yule? Hata siku moja! Hana makuu kabisa."

"Kuna goli moja hukumwandika. Mechi ya Rungwe, dakika ya hamsini na mbili."

"Ee, siku hiyo alivunjika jino. Alikaa hapo hapo ulipokaa, damu inamtiririka, na bado anawapigia wenzake kelele za kuwaelekeza. Ningemwandikaje yupo ndani, na mimi ndiye nimemshikia taulo?"

"Mwalimu." Sekela aliona haya kuuliza, lakini aliuliza. "Kama hukuona, kwa nini hukuacha wazi?"

"Niliacha!" Mzee akafungua droo, akapekua, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya mechi ya kwanza ya msimu. Katika kipindi cha tatu visanduku vilikuwa vitupu, na juu yake palipigwa muhuri mwekundu: FOMU YENYE PENGO HAIPOKELEWI. Chini ya muhuri palikuwa na saini ya Sekela. "Ilirudi mara tatu. Mara ya nne wakanipigia simu, wakasema nikishindwa watatafuta anayeweza. Nikaona basi, Isyonje wanajua wanachotaka."

Sekela aliikumbuka sentensi ile. Aliitunga mwenyewe, mwaka wa kwanza wa Mizani, mapengo yalipokuwa yanamharibia hesabu, na siku hiyo alijiona mkali na mwerevu kweli.

"Lakini ulijua kwamba goli la kufungwa linamshusha mtu?"

Mwalimu alimtazama. Kisha akageuza fomu na kuweka kidole juu ya safu ya namba, palipoandikwa WALIOKUWEPO. "Mwanangu, mimi nimeita mahudhurio miaka thelathini na mitano. Aliyekuwepo ni aliyekuwepo, hata mtihani ukiwa mgumu. Nilijua goli lina hesabu yake, na mahudhurio yana hesabu yake. Nilisema mashine itaona huyu mtu yupo kila tukipigwa, wakati wengine wamekaa, itampandisha." Aliacha kidole pale. "Hakupandishwa?"

"Amekuwa wa mwisho, Mwalimu."

Mzee akaiweka penseli mezani polepole. King'ora kikalia tena ndani ya ukungu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuandika kitu.

*

Alilala nyumba ya wageni, na asubuhi Mwalimu mwenyewe akampeleka kwa Kasyupa. Sekela hakutaka. Sheria yake mwenyewe ilimkataza mpimaji kukutana na anayepimwa. Lakini mzee alikuwa ametangulia njiani, na Sekela hakuwa na mdomo wa kumkatalia.

Subilaga, mke wa Ambonisye, aliwapa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Mtoto wao wa kike, Tupokigwe, miaka sita, alikuwa anacheza barazani na fulana nyepesi tu, kwenye kibaridi ambacho Sekela alikivalia masweta mawili.

"Huyu hatoki jasho," Subilaga alisema alipoona mgeni anamtazama mtoto. "Kazaliwa hivyo. Mwili haupoi wenyewe. Bondeni alikuwa anazimia mara tatu kwa wiki, tunamlaza kwenye beseni la maji. Tangu tumepanda huku hajazimia."

Sekela akashusha kikombe. Aliwaeleza yote, bila kujikinga: ukungu, fomu, muhuri, saini. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa muda wote.

Ambonisye alisikiliza huku akijipapasa mbavu zilizogongwa jana. "Mimi hesabu sizijui, dada," alisema mwishoni. "Nikiambiwa ingia, naingia. Mwalimu usilie bwana, hukunifanyia ubaya." Kisha akamgeukia Sekela. "Nikibaki mimi, anateremka nani?"

"Sijui bado."

"Ukijua usiniambie. Nitashindwa kucheza naye."

"Mimi niambie," Subilaga akadakia, macho makavu. "Mimi sijali ni nani. Ateremke yeyote, ilimradi si huyu." Na akaonyesha barazani.

Tupokigwe alikuwa amechora mistari chini na kumpanga kuku mmoja langoni awe kipa. Kuku alikuwa anakataa kazi. Sekela alicheka, na kwa kicheko hicho akasema neno ambalo mpimaji hasemi. Alisema, "Nitarekebisha."

"Ndaga fijo, mwanangu," Mwalimu alimshukuru kwa Kinyakyusa, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Aliushikilia muda mrefu.

*

Siku ya pili yake, saa tano asubuhi, Gwakisa alisoma ripoti ya Sekela akiwa amesimama. Kisha akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Ondoa magoli ya ukungu," alisema. "Piga upya."

"Nimepiga. Wanne wamefungana mkiani. Yeye, jezi namba nne, namba kumi na moja na namba ishirini. Wote wako kati ya hasi nane na hasi tisa. Tofauti haifiki hata goli moja."

"Basi chimba zaidi."

"Hakuna pa kuchimba, kaka. Mechi kumi na nne hazitoshi kumtenganisha mtu na mtu. Zinatenganisha timu nzuri na mbovu, basi. Wale wa mkiani tofauti yao ni upepo tu. Na hazijawahi kutosha."

Gwakisa alikaa. "Hazijawahi."

"Nilikuwa nalijua hilo kwenye vitabu. Nilijiambia kupima vibaya ni bora kuliko kutopima."

"Tumeteremsha watu wanane kwa msimu, misimu sita. Arobaini na wanane na familia zao." Gwakisa hakupaza sauti. Angepaza, Sekela angejua la kumjibu. "Na huo muhuri wako umekwenda kumbi zote nane. Kuna kumbi umeme ulikatika, kuna karani aliyekuwa na mtoto wa jicho. Wote walijaza, maana uliwaambia wajaze. Wengine walioteremka wamekufa, Sekela. Utawaandikia barua?"

"Nitawaandikia."

"Haya, waandikie. Bodi itasikia leo hii hii. Unajua watafanya nini? Watarudi kuchagua kwa mkono. Mashemeji wako pale wamekaa mkao wa kula, wanaingoja Mizani ianguke tangu siku ilipoanza. Wewe ndiye uliyeniambia habari za mama yako. Unataka tuwarudishie?"

Sekela akatazama ukutani, saa ilikuwa inaonyesha saa tano na nusu.

"Na kanuni unaijua," Gwakisa aliendelea. "Kila timu jina moja. Tusipotaja jina, Matamba nzima inapoteza vibali, watu ishirini na familia zao. Kwa hiyo sawa, si kumi na saba. Nipe mwingine. Wa nne? Wa kumi na moja? Mtaje, nitaandika sasa hivi."

"Kumi na saba ana mtoto asiyetoka jasho. Akishuka atakufa."

"Wa nne ana nani nyumbani kwake?"

"Sijui."

"Wa kumi na moja?"

"Sijui, kaka."

"Hujui kwa sababu hukunywa chai kwao. Ungekunywa chai kwa wa nne, sasa hivi ungekuwa unamlilia wa nne." Gwakisa alijifuta uso kwa kiganja. Alionekana mzee ghafla. "Niambie tofauti yako na wale waliompa shemeji kibali cha mama yako. Mimi siioni. Kama unaiona niambie, nitasimama na wewe mbele ya Bodi."

Aliitafuta. Mungu ni shahidi, Sekela aliitafuta ile tofauti kwa akili yake yote, na kila alipokaribia kuishika alimwona kuku amesimama langoni. Nyumba tatu nyingine hakuwa amezifungulia mlango. Huenda ndani yake mlikuwa na wagonjwa watatu, huenda hamkuwa na hata mmoja. Kwenye Mizani hapakuwa na sehemu ya kuandika mtoto, na aliyeitengeneza alikuwa yeye.

"Badilisha fomu," Gwakisa alisema kwa upole. "Msimu ujao pengo lipokelewe. Nitapitisha mimi mwenyewe, nakuapia. Hawa wa mbele utawaokoa. Lakini leo nipe jina."

Angeweza kurusha shilingi. Wazo hilo lilimpitia kichwani, na akaliogopa, kwa sababu shilingi ingekuwa mkononi mwake na watu wangeona mkono. Jina la Kasyupa lilikuwa limeshachapwa kwenye orodha tangu juzi. Halikuhitaji mtu kulitamka wala kulihamisha. Lilihitaji saini tu, na saini ni kitu kidogo. Saa sita kasoro dakika nne Sekela alisaini. Kati ya watu wanne ambao hakuona tofauti yao, aliandika kumi na saba, kwa kuwa tayari alikuwepo pale, na alijua ameona wapi ufundi wa namna hiyo.

Hakwenda Matamba kuwaaga. Alituma watu wa ofisi wapeleke barua. Walimweleza baadaye kwamba Ambonisye aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma na kuwauliza kama wameshakula. Subilaga aliwauliza jina kamili la yule dada wa hesabu, akalirudia mara mbili ili alishike, kisha akaingia ndani kufunga mizigo. Mwalimu Anyelwisye hakuwepo. Alikuwa amewaambia watu mtaani kwamba mambo yamekwisha, dada wa Isyonje ameona kwa macho yake.

*

Gwakisa alitimiza ahadi yake. Msimu wa nane ulifunguliwa na fomu mpya, na chini ya kila safu pameandikwa: KARANI ASIYEONA AACHE WAZI AU AELEZE. Bodi iliisifu sana. Walimwita Sekela kwenye semina akaeleza jinsi Mizani inavyojikosoa yenyewe, na alieleza, sauti yake ikiwa kavu kidogo. Watu walipiga makofi.

Fomu ya Matamba, mechi ya kwanza nyumbani, iliingia Jumatatu asubuhi. Sekela aliutambua mwandiko kabla hajasoma jina, zile namba zilizosimama wima. Ila safari hii namba zilikuwa za dakika tu. Matamba walikuwa wamefungwa magoli matano, mawili katika kipindi cha kwanza, ukumbi ukiwa mweupe bila ukungu na bomba linanguruma. Kwenye safu ya WALIOKUWEPO, mbele ya goli la kwanza, Mwalimu alikuwa ameandika kwa penseli, herufi nzuri za ubaoni: Sikuona. Mbele ya la pili: Sikuona. Hivyo hivyo mpaka la tano.

Mwisho wa fomu pana kisanduku kinachoitwa MAONI YA KARANI. Katika misimu yote hakuna karani aliyewahi kukijaza, na Sekela alikuwa amefikiria kukiondoa. Safari hii kilijaa.

"Mtoto wa kumi na saba tumemzika bondeni, Ipinda, siku ya Jumatano. Baba yake alikuwepo. Mama yake alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Hili nimeliona mwenyewe, kwa hiyo naliandika."

Mkono wa Sekela ulikwenda wenyewe kutafuta muhuri mwekundu, kwa mazoea ya miaka, ili fomu irudi ilikotoka. Muhuri ulishaondolewa. Kwenye skrini mashine ilikuwa imekwisha kuyasoma mapengo yote matano, haikukuta kosa, na imeandika kwa rangi ya kijani: FOMU IMEPOKELEWA.